Baga ya Baba Mdogo

Mama mdogo hupiga pasi. Ndiyo kazi yake tangu kabla sijazaliwa, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, ambako mvuke umebandua rangi ya ukuta. Shati likimfikia huanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, na kila mkunjo huukandamiza kwa uzito wa mwili mzima mpaka ulale.

Jumamosi hutoka mchana. Siku hiyo alitoka miguu imevimba, kiatu kimoja amekikanyaga kisigino. Akapita buchani, akapita dukani kuchukua jibini na mikate ya mviringo, akafika nyumbani na kuketi jikoni bila kuvua mtandio.

"Kachoka mtu," alisema, kama anayemsema jirani.

Chumbani alikuwa amelala mumewe, baba mdogo, fundi wa majokofu ambaye wenzake humwita Barafu. Homa ya mapafu ilikuwa imemlaza hospitali, na ingawa alikuwa amerudi nyumbani, hamu ya kula haikurudi naye. Uji, supu, viazi vya kuponda, vyote alivionja vijiko viwili, kisha "nimeshiba". Daktari hakuficha: Jumatatu atapimwa uzito, na akiwa amepungua tena, atarudi wodini alishwe kwa mpira wa puani. Baba mdogo aliposikia hivyo aligeukia ukuta. Lakini juzi, bila kuulizwa, akasema, "Ningepata baga ya jibini, ya kupikwa hapa hapa, labda."

Ni hiyo labda iliyompeleka mama mdogo buchani.

Mimi nilipewa mboga. Nilikata boga, karoti, vitunguu na pilipili hoho, nikavipaka mafuta, chumvi na pilipili manga, nikavitandaza kwenye trei. Mlango wa oveni yao haufungi vizuri, hivyo husukumiwa kiti.

"Unaona maajabu ya fundi?" mama mdogo akaniambia. "Friji yake inagandisha mpaka nyanya, oveni tunaifunga kwa kiti."

"Nakusikia!" sauti ikatoka chumbani, nyembamba.

"Usikie. Masikio hayakuugua."

Alichanganya nyama ya kusaga na chumvi na kitunguu kilichokatwakatwa, akafinyanga duara pana, akaliweka kwenye kikaango cha moto. Kisha, akitazama dirishani kama mtu anayesinzia macho wazi, akachukua mwiko bapa na kuikandamiza nyama. Ikalia chwaaa. Akaikandamiza tena, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa ustadi. Maji ya nyama yakatoka yote, yakakauka kikaangoni.

"Mama watoto! Unafanya nini huko?"

"Napika."

"Unapiga pasi! Mlio huo naujua."

Aliigeuza, akaikandamiza na upande wa pili, akaweka jibini, akampelekea. Nilisimama mlangoni. Baba mdogo aling'ata, akatafuna, akatafuna, machozi yakaanza kumlengalenga kwa juhudi. Mwishowe akatema kwenye karatasi laini.

"Kavu, mke wangu. Haishuki."

"Jaribu tena."

"Haishuki."

Mama mdogo alichukua sahani. "Basi wakulishe kwa mpira," alisema. Hakuwa na hasira. Hasira inahitaji nguvu. Alirudi jikoni, akaegemea sinki, akafumba macho. Mboga zilikuwa zimeanza kunukia vizuri, jambo lililonitia aibu, sijui kwa nini.

Tukasikia kandambili zikiburuzwa. Baba mdogo alikuja akishika ukuta, blanketi mabegani, miguu kama ya korongo.

"Nyama imebaki?"

"Imebaki. Rudi ukalale, utaanguka."

"Kiti kiko wapi?"

Kiti kilikuwa kimezuia oveni. Akakikalia palepale, mgongo kwenye joto. "Ah," akasema. "Hapa pazuri. Haya, weka nyingine. Mimi naangalia huo mkono."

Mama mdogo akaweka. Ikaanza kukaangika taratibu.

"Usiiguse."

"Nimeigusa?"

"Mkono unakwenda."

"Mkono ni wangu."

"Ni wa dobi. Nyama si kola ya shati, bibie, haina mtu wa kuivaa."

Mama mdogo akaficha mikono kwapani. Kumtazama akisimama hivyo, bila la kufanya, kulichosha kuliko kumtazama akifanya kazi. Baba mdogo alitega sikio kwenye kikaango kama anavyotega kwenye mashine ya friji. "Sasa. Geuza. Mara moja tu." Jibini ikawekwa, kifuniko kikafuata, mpaka ikalegea na kuteleza pembeni.

Tulimwinua kidogo nitoe trei. Akala palepale kwenye kiti, sahani magotini, na safari hii mchuzi ulimtiririkia kidevuni. Alikula boga, akala karoti mbili, akarudi kwenye baga. Alipumzika kati ya tonge na tonge kama mtu anayepanda ngazi. Mama mdogo alikula ile kavu, amesimama.

Ilipobaki nusu, baba mdogo alisukuma sahani. Mama mdogo akaipokea, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Usitupe," baba mdogo akasema. "Ifunike. Asubuhi nitaimalizia."

Mama mdogo aliifunika kwa bakuli. Juu ya bakuli akaweka sahani nyingine, na juu ya sahani, sufuria.