Sabuni, Ndoana na Mchanga wa Nyangwe

Siku zile sisi watoto wa Nyangwe, kiangazi kikishusha maji na mchanga ukatokeza kando ya Lualaba, hakuna aliyebaki nyumbani. Wanaume walisimama mchangani na kamba zao. Sisi wa kike tulipelekwa kwenye vijito, kuziba maji kwa udongo, kuyakausha kwa beseni na kuokota tusamaki twa vidole viwili, matope mpaka shingoni. Mtoni hapana. Ilisemwa mwanamke akiruka kamba ya ndoana, samaki wanahama. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Shule nilikuwa nimeshaiacha, lakini macho nilikuwa nayo.

Mahali petu pa kufulia palikuwa karibu na mchanga huo, kwa hiyo kila siku nilimtazama Yomba Ramazani, kaka yake mama. Alifunga jiwe juu, ndoana chini, basi ndoana yake ililala mchangani imefukiwa. Nani ataiona? Mimi nikafanya kinyume. Nailoni niliiokota vipande vipande kwenye nyavu zilizochanika, nikaunganisha, nikaizungusha kwenye mkebe wa maziwa. Mwisho kabisa nikafunga buloni, bolti nzito ya baiskeli, iwe uzito. Kiganja kimoja juu yake nikatoa kamba fupi ya pembeni, hapo ndoana, ielee kidogo. Wewe unayeanza leo, anza hivyo hivyo. Na chambo, nilikata sabuni ya mawese ya mama. Msicheke: kambale anapenda sabuni kuliko mnyoo.

Nilipotokea na mkebe wangu, wanaume wote wakageuka.

"Weye Mwamini, rudi kwa nguo!" yomba akapiga kelele. "Utatufukuzia samaki!"

"Yomba, samaki anajua nani iko mwanamuke?"

"Anajua. Ananusa."

"Basi leo atanusa sabuni."

Wenzake wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilimkasirisha. Akasema mbele ya wote: mtumbwi wa soko ukifika kabla sijatoa samaki, mkebe unatupwa majini, na mimi nisikanyage tena mchanga ule maisha yangu yote. Nikakubali. Mtumbwi ulikuwa umeshaondoka ng'ambo.

Nikazungusha buloni juu ya kichwa mara mbili, nikaiachia kule maji yanakotoka, ili mkondo uishushe taratibu mbele yangu. Kamba juu ya kidole. Samaki akagusa. Nikavuta kwa nguvu zote, kosa la kila anayeanza, ndoana ikarudi tupu, sabuni imelambwa.

"Nguo zinakungoja!" wakapiga kelele.

Mtumbwi ulikuwa katikati ya mto. Nikatupa tena. Akagusa, nikajizuia. Akagusa tena, nikauma meno. Halafu kamba ikaanza kwenda yenyewe, kama mtu anayeondoka na mzigo wako. Hapo sikuvuta kwa mikono. Nilirudi kinyumenyume nikiupanda mchanga, hatua kwa hatua, mpaka kambale mrefu kama mkono wangu akatoka akijipiga pakavu. Wapiga kasia walikuwa bado hawajafika.

Yomba hakunisifu. Alitazama kamba yangu muda mrefu, pale ilipofungwa ndoana.

"Kesho simama kule chini," akasema. "Usinitatize kamba."

Kesho yake niliona jiwe lake limeshuka na ndoana imepanda. Mama alinichapa kwa ajili ya sabuni, halafu akampika yule kambale kwa mawese, na sombe ya majani ya muhogo pembeni, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yomba.

Kwa kamba nilijenga nyumba ya matofali, na watoto wangu walisoma kwa kambale. Sikupewa na mtu. Vijana wa sasa wanapanda pikipiki kwenda Salamabila kutafuta dhahabu, wanarudi wamekonda na simu kubwa, kisha wananunua samaki wa barafu aliyekufa kabla wao hawajaota ndevu. Wajukuu wangu wa kike nao wananiambia, "Koko, jua litatuharibu ngozi." Haya. Enzi zetu tulikatazwa, tukaja. Sasa hakuna yomba wa kumfukuza msichana yeyote, na mchanga uko mtupu, jambo ambalo linaniuma kuliko fimbo ya mama. Wengine wananiambia nimezeeka, nikae nyumbani. Kesho asubuhi nitakuwa pale. Anayetaka kunitoa, aje na samaki mkubwa kuliko wangu.