Siku Afande Anapomwacha Mtoto

"Mimi sisemi, lakini yule mama anakula nao sahani moja." Mama Taarifa akianza na "mimi sisemi," kila mtu pale bombani hujua kwamba ndoo zitangoja. "Mara ya tatu sasa anavamia nyumba, mara ya tatu anakuta kuta tupu. Kwani hao wauza watu wana mabawa? Wanapigiwa simu, jamani. Na siku ya kwenda anaijua nani, kama si yeye mwenyewe kiongozi?"

"Wangekupa wewe hicho kikosi," mmoja akamchokoza. "Ungewakamata kwa mdomo tu."

"Ningewakamata kabla ya chai, mwenzangu!"

Wakacheka. Mama Kijino naye akacheka kidogo, cheko la kuwaridhisha wenzake, huku akimweka mwanawe vizuri mgongoni. Alikuwa bado mgeni katika mambo ya ulezi. Mtoto wake huyo wa kwanza walimwita Kijino kwa sababu jino lilimtoka mapema mno, hata mawifi wakaja kulitazama kama watu waendao sinema. Hakuyapenda maneno yale juu ya Afande, lakini kumkatiza Mama Taarifa kulimshinda. Siku uchungu ulipomshika na gari likachelewa, mikono iliyompokea Kijino ilikuwa ya Mama Taarifa, amepiga magoti sakafuni, anapiga soga hata wakati ule, ili mzazi asipate nafasi ya kuogopa.

Afande alikaa mlango wa pili katika ua huo huo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wa kuitwa dada mkubwa, na kazi yake ilikuwa kuongoza kikosi cha polisi kinachowasaka wanaouza watu: wale wanaowaahidi mabinti kazi za hoteli na ulezi ng'ambo, wakishawapata wanawanyang'anya simu na vitambulisho, wanawafungia chumbani mpaka mnunuzi apatikane. Ukubwa huo haukuonekana nyumbani kwake. Sare alifua mwenyewe na kupiga pasi mwenyewe. Chakula alikula amesimama, kijiko mkono huu, simu mkono ule. Mumewe alikwisha kwenda zake. "Alidhani ameoa mke," Afande alikuwa akisema, "akakuta ameoa kituo cha polisi." Alibaki na mtoto mmoja wa kiume, ambaye ua mzima ulimwita Bwana Mkubwa, kwa namna alivyozunguka mikono nyuma akikagua sufuria za watu.

Siku za kawaida Bwana Mkubwa alishinda chekechea na jioni alikuwa na mama yake. Ila Afande alipokuwa na kazi ya kuvamia mahali, alimleta kwa Mama Kijino alasiri, na begi la buluu lenye nguo za kulalia.

"Mdogo wangu, nina safari ya kazi. Nishikie huyu."

"Haya, dada. Mungu akutangulie."

Basi. Huyu hakusema anakwenda wapi, na yule hakuuliza. Kesho yake asubuhi ndipo habari zilipofika, na safari zote tatu habari ilikuwa ile ile: nyumba imekutwa tupu.

Baada ya ile ya tatu, Afande alikuja kumchukua mtoto akiwa bado na buti za kazi. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Birika lilikuwa bado la moto," akasema, akiutazama mkono wake. "Nimelishika kwa mkono huu. Magodoro chini, sweta la msichana limeanikwa dirishani linachuruzika maji. Wametoka sisi tunaingia."

Mama Kijino aliinuka akachukua kikombe. Akampa maji ya kunywa.

"Kuna mtu anawaambia. Yuko ndani ya kikosi changu, anakula na mimi, ananipigia saluti. Safari hii simu zao zote nilizikusanya kwenye ndoo, nikaifunika, nikaikalia. Na bado wakajua." Akaweka kikombe chini. "Wakubwa wameniambia nikirudi mikono mitupu tena, kikosi kinavunjwa."

Siku chache baadaye Mama Kijino akiwa anaanika nepi, alimwona dereva wa Afande mlangoni kwa mkubwa wake huyo, kofia mkononi. Mzee huyo watoto wa uani walimwita Mjomba, kwa kuwa aliwapakia garini mpaka barabarani na kuwashusha wakipiga kelele. Sasa alikuwa amepewa kazi ya kufungua na kufunga geti la kituo.

"Afande, kweli mimi?" sauti yake ilisikika. "Tangu ukiwa askari wa barabarani nakuendesha. Kweli mimi?"

Afande alimjibu kwa sauti ya chini, na Mjomba akaondoka bila kuvaa kofia yake.

Na kulikuwa na mama mmoja. Alikuja siku moja kutoka mbali, akaketi kwenye kizingiti cha Afande akimngoja, picha ya bintiye imefungwa kwenye pindo la nguo. Mama Kijino alimkaribisha kivulini. Binti yule alikwenda na watu waliomwahidi kazi ya hoteli. Alipiga simu mara moja tu, kwa kunong'ona, maji yakisikika nyuma, kama mtu aliyejifungia chooni. "Akasema, mama, tuko wengi. Halafu ikakatika." Mama yule aliomba kumshika Kijino. Akamshika, akamnusa utosini, akamrudisha upesi kama aliyeungua. Tangu siku hiyo Mama Kijino hakumwogesha mwanawe bila kumkumbuka.

Adhuhuri moja, akiwa ananyonyesha, alichukua simu apitishe muda. Akina mama wa mtaa walikuwa na kundi lao kwenye simu: la kupeana habari za misiba, za maji kukatika, na za Mama Taarifa. Sauti za Mama Taarifa zilikuwa nyingi hata Mama Kijino hakuwa akizifungua zote, maana zilimla bando. Sasa akafungua moja ya siku zilizopita, akaisikiliza kwa chini Kijino asishtuke.

"Wasikilizaji wapenzi, hapa ni uani! Afande kamwaga mtoto kwa Mama Kijino, na begi la buluu hilo! Leo kuna watu hawalali. Wenye maovu yenu, fungeni milango!"

Chini yake vicheko, vicheko, na mtu mmoja aliyeandika: *Asante mama kwa habari, ubarikiwe.* Mtu huyo hakuwa na sura, ila picha ya ua jekundu. Mama Kijino alimkumbuka: dada mmoja mtanashati aliyepita akiuza manukato, akapendwa, akaingizwa kundini. Anapokaa hakuna aliyejua.

Akarudi nyuma, akafungua ya safari ya kabla. Mzaha ule ule. *Ubarikiwe mama.* Halafu akatafuta mahali pengine pa huyo wa ua jekundu. Mzee wa nyumba ya kona alipofiwa, watu wote walitoa pole, yeye kimya. Pacha walipozaliwa, yeye kimya. Alifumbua kinywa siku za begi tu. Na safari ya mwisho, kabla ya kutoa baraka zake, aliuliza: *Kamwacha na begi, au ni wa mchana tu?*

"Na begi, shosti!" Mama Taarifa alijibu. "Mpaka mswaki!"

Kijino akaachia ziwa akalia, maana mama yake alikuwa amemkaza bila kujijua.

Mumewe, fundi bomba, alipokuja kula, alimsikilizisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kijiko kimesimama hewani.

"Zima hiyo kitu," akasema.

"Baba Kijino, unaona ninachokiona?"

"Naona Mama Taarifa anapandishwa karandinga la polisi. Mama aliyekuzalisha! Ndicho ninachokiona." Akasukuma sahani. "Na hao watu wakijua ni nani aliyesema? Mlango wetu huu ninaurudisha kwa ndoano ya waya, mke wangu. Ya waya!"

"Nikinyamaza je?"

Fundi aliinuka. Alinawa, akachukua mkoba wake wa spana, akafika mlangoni, akarudi kumtazama mtoto, akatoka. Ilikuwa afadhali angekataza. Angekataza, Mama Kijino angekuwa na mtu wa kumlaumu. Alijaribu kufagia, akajikuta anafagia mahali pamoja. Akafikiri: Mama Taarifa hakuuza neno hata moja, alikuwa anachekesha watu tu. Akafikiri: kuna mahali saa hizi wasichana wamefungiwa, na kucheka huku ndiko kunakowahamisha. Mawazo hayo mawili hayakutaka kukaa chumba kimoja. Mwishowe alimfunga Kijino mgongoni kabla moyo haujabadilika, akavuka ua.

Afande alikuwa anapiga pasi. Mama Kijino alisema akiwa amesimama, kwa haraka, akiruka maneno na kuyarudia, kisha akampa simu asikie mwenyewe. "Wenye maovu yenu, fungeni milango!" ikalia mle chumbani. Afande aliisikiliza mara moja. Harufu ya kitambaa kuungua ikapanda, na ni Mama Kijino aliyeinyanyua pasi.

"Nani mwingine anajua?"

"Baba Kijino tu."

Afande akacheka, cheko kavu, fupi. "Nimekaa juu ya ndoo ya simu kama kuku anayeatamia. Kumbe nilipotoka nyumbani tayari nimeshajitangaza. Kwa mwanangu." Kisha uso ukambadilika. "Mjomba. Nimemweka getini, mzee wa watu."

"Dada, Mama Taarifa hakujua. Wallahi hakujua. Usimfunge."

"Simfungi mtu kwa utani. Lakini leo asijue bado." Akaketi kitandani, akamvuta Mama Kijino naye aketi, mkono wake umeshika mkono wa mwenzake na hauachii. "Nisikilize. Nyumba waliyohamia tumeipata tangu juzi. Ina geti la chuma na ukuta mrefu. Nikienda kugonga, kabla sijaingia watakuwa wamewatisha wale mabinti, au wamewafanya lingine ambalo sitaki kulitaja. Lakini kila wakisikia nakuja, wanafanya nini?"

"Wanawatoa."

"Wenyewe, kwa mikono yao, wanawapakia garini na kushika njia. Safari hii sigongi mlango. Nitawangoja njiani, wakiwa wameshatoka. Ila ili watoke, lazima wasikie."

Mama Kijino alielewa kabla mwenzake hajamaliza. Mgongoni Kijino alikuwa akizitafuna nywele zake kwa jino lake moja.

"Baadaye watakaa wajiulize habari iligeukaje," Afande aliendelea. "Sikufichi. Mwanangu atakuwa kwako, na wako yuko hapo hapo. Askari wangu wawili watakuwa uani, watajifanya wanapaka rangi ukuta, na hawataondoka mpaka nikuone kwa macho yangu. Zaidi ya hapo sina cha kukuahidi. Baba Kijino akikataa, nimemwelewa, sitakukasirikia. Nitatafuta njia nyingine."

"Ipo njia nyingine?"

Afande alitazama dirishani. "Yule mama wa picha amenipigia tena leo asubuhi," akasema. "Hakuuliza kitu. Amenisalimia tu, akangoja."

Nje, sauti ya Mama Taarifa ilikuwa inamkemea mtu kwa kumwaga maji ya sabuni mlangoni kwake, na yule mtu anacheka, naye anazidi kukemea kwa kuwa anachekewa. Afande aliinuka, akamwita mwanawe, akampangusa makamasi. Akavuta begi la buluu kutoka mvunguni, akalitia nguo za kulalia moja moja, akizikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa. Bwana Mkubwa, mikono nyuma, alikagua kila kitu na kusema kwamba mswaki umesahaulika. Ukatiwa.

Kisha Afande alilishika begi lile kifuani, hakulitoa bado, akamtazama Mama Kijino kama mtu anayeomba kitu asichokuwa na haki ya kukiomba.

"Mdogo wangu, kama unakubali, usipite nyuma. Mpitishe mtoto pale mbele ya Mama Taarifa, polepole, begi lionekane. Na akikutania, nakuomba, mtanie na wewe."