Kengele ya Wakfu ya Mzee Abdulhalim

Mie naitwa Abdulswamadu, fundi uashi, mkazi wa Mkongo. Anayetaka kunicheka anicheke mapema, maana habari hii kila nikifika katikati ulimi unakuwa mzito.

Kazi yangu ni kujenga nyumba za watu. Ugonjwa wangu ni baiskeli kuukuu. Mke wangu Sabra anaziita wake wenza, na hajakosea. Nikiona fremu ya zamani imetupwa nyuma ya banda la kuku, moyo unanienda mbio. Naipiga msasa mpaka kutu yote iondoke, naipaka rangi mikono mitatu, nafunga spoki moja moja, nainua usukani, natia madigadi ya maua. Tuko watu watano wenye ugonjwa huu, wenzangu wote wa Kibiti. Kila Idi tunakutana huko baada ya swala, na hapo ndipo maneno: ya nani imependeza, ya nani ina vifaa vya asili. Vifaa vya asili ndiyo heshima yenyewe. Ukifunga kitu kipya cha dukani, mwenzetu Mudy atakusema mpaka Idi nyingine.

Mwaka jana nilipata fremu Nyamisati, kwa muuza boriti mmoja. Chumvi ilikuwa imeila vibaya, lakini ni ile ya wazee wetu hasa, ndefu, nzito, yenye mlingoti, lile bomba la juu. Nikaihangaikia miezi saba. Ikakamilika yote kasoro kengele. Baiskeli zile zilikuja na kengele kubwa ya shaba. Ukiipiga, mtu aliye ng'ambo ya mashamba ya mpunga anageuka. Nikatafuta Kibiti, nikatafuta Ikwiriri, nikaagiza mpaka Dar. Hakuna.

Na mie nilijua iliko. Ilikuwa kwenye baiskeli ya wakfu.

Baiskeli hiyo aliiacha marehemu Mzee Abdulhalim. Kabla hajafa aliitoa wakfu kwa msikiti, aitumie muadhini, ili kila watu wakiitwa kwenye swala, naye huko aliko apate fungu lake. Muadhini wetu ni Mzee Dadi, hana mke wala mtoto, anakaa mbali kidogo. Kila akienda kuadhini hupita mbele ya nyumba ya mjane wa marehemu, Bi Zaitun, ambaye macho yake yameshaziba. Dadi hupiga kengele, na bibi hujibu kutoka barazani, "Mungu akurehemu, mume wangu." Kijiji kizima kinajua hivyo. Mie pia nilijua, msije mkanitetea.

Matengenezo ya baiskeli ile nilikuwa nayafanya mie, bure, kwa ajili ya Mungu. Basi, zimebaki wiki tatu Idi ya kuchinja, Dadi akaniletea nibadilishe mnyororo. Nikaitazama ile kengele. Nikaitazama baiskeli yangu. Nikajiambia, muadhini anataka chombo cha kumfikisha, shaba ya nini? Nikaifungua, nikaweka mpya ya dukani. Dadi alipokuja kuchukua nikamwambia, "Ile ya zamani imepasuka, Mzee, nimeitupa." Akanitazama, akasema, "Ahsante, fundi." Akapanda, akaenda zake.

Kitu cha wakfu, jamani! Hakiuzwi, hakirithiwi, halafu mie nakifungua kwa spana.

Siku mbili hazikupita. Bi Zaitun alisikia kengele ngeni, akamsimamisha Dadi, akaipapasa.

"Ya mume wangu iko wapi?"

"Imepasuka, Bibi."

"Shaba ipasuke? Umeiuza, Dadi! Umemkatia marehemu thawabu zake kwa hela ya sigara!"

Mzee wa watu hata sigara havuti. Bibi akamshtaki kwa imamu, akaacha kuitikia salamu zake. Vijana nao wakapata la kusema: huyo, muuza wakfu huyo. Mie nipo hapohapo kwenye zege langu, nasikia kila neno, nakoroga tu. Nikajipa moyo kwamba yatapoa yenyewe.

Siku nne kabla ya Idi, asubuhi, nikaitoa baiskeli yangu kuijaribu. Lo, ilipendeza! Kichwa kikavimba, nikakata mitaa, nikajikuta napita kwa Bi Zaitun bila kufikiri. Kuku wakakatiza, kidole kikagusa kengele.

"Dadi!" Bibi alipiga kelele barazani. Akainuka ameshika nguzo, machozi yanamtiririka. "Mungu akurehemu, mume wangu! Dadi, mwanangu, umeirudisha! Basi nimekusamehe wizi wako. Njoo nikupe maji ya kunywa."

Nilitakiwa niseme neno dogo tu, kwamba mie si Dadi. Wallahi sikulisema. Nikakanyaga pedeli nikakimbia, mtu mzima na ndevu zangu, namkimbia kipofu.

Adhuhuri Dadi akapita na ile kengele ya dukani. Nilikuwa nimerudi kazini, juu ya ukuta wa nyumba ya jirani yake Bibi, matusi yote Dadi aliyopewa na Bibi niliyasikia. Kwamba anamdhihaki mjane. Kwamba asubuhi kairudisha, mchana kaificha tena. Dadi kasimama, kainamisha kichwa. Mwiko ukanianguka.

Nikashuka. Nikaenda nyumbani, nikaifungua kengele, nikamfuata Dadi msikitini. Swala ilikuwa imekwisha, watu wametoka.

"Mzee Dadi, haikupasuka," nikasema.

Hakushtuka hata kidogo. "Najua. Niliiona kwenye baiskeli yako wiki ileile, nilipopita uani kwako."

"Sasa mbona hukusema?"

Alivaa kandambili zake akasema, "Twende kwa Bibi."

Tulimkuta barazani. Nikamwamkia, nikaeleza yote, hata lile la kukimbia. Bibi akauelekeza uso upande wa Dadi.

"Nawe ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Ukaniacha nikutukane?"

"Huyu kazi yake ni kuingia majumbani mwa watu," Dadi akasema. "Akishaitwa mwizi, nani atamwita tena kujenga? Na ana watoto watatu. Mie ni mtu peke yangu. Nikaona nivumilie mpaka aje mwenyewe."

Nilingoja Bibi anigeukie. Nilitaka anitukane, hata anitemee mate, labda ningepata nafuu. Hakunigeukia. Ajuza yule wa miaka themanini aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, akapapasa mpaka akaipata miguu ya Dadi.

"Nimekuita mwizi, mwanangu," akasema. "Nimekuita mwizi mbele za watu. Niwie radhi."

Dadi alikuwa anamwinua huku na yeye analia. Mie nimesimama pembeni yao, nimenyoosha mkono wenye kengele, hakuna hata mmoja aliyeipokea. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kosa nimefanya mie, na aliyepiga magoti ni yule bibi.