Mama Pasi anunua sari kwa macho

Hivi wewe, ukitaka kuijua nguo, unaijua kwa macho au kwa mkono?

Mama Pasi anaijua kwa mkono. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla mpishi hajabandika chai, yeye tayari yumo katika chumba cha nyuma cha nyumba ya ghorofa moja, mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu na shuka kuukuu juu yake. Ndala amezivua na kuzipanga chini ya meza. Anasema sakafu ya baridi ndiyo inayomwamsha. Kushoto kwake kuna kapu la nguo zilizokauka, kulia kuna kamba ya kutundikia henga, na katikati pasi ya umeme ambayo waya wake umefungwa utepe mweusi sehemu mbili.

Anachukua sari ya bluu, anaisugua pembeni kwa kidole gumba na cha shahada.

"Hii hariri," anasema, na kupunguza moto.

Anachukua ya pili. "Hii inajidai hariri." Anapunguza moto zaidi, maana hizo zinazojidai ndizo zinazoyeyuka.

Leo ni Jumatano. Jumamosi binti wa nyumba hii anaolewa, na Mama Pasi amepewa kadi ya mwaliko. Kadi anayo, nguo ya kuvaa anayo. Asichojua hadi sasa ni kama siku hiyo atakuwa mgeni au atakuwa hapa hapa, mbele ya meza hii.

Ana miaka kumi na tisa akipiga pasi katika nyumba hii, siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki yuko kwenye kibanda chake, chenye meza moja na pasi ya mkaa, akinyoosha mashati ya makarani na sare za walinzi. Wateja wa kibandani ndio waliomwita Mama Pasi, na jina likamganda. Kwa siku hupitisha nguo sitini, zikizidi sana themanini. Mume wake, fundi wa kupaka rangi nyumba, alianguka kutoka kwenye ngazi miaka minane iliyopita na mgongo haujamrudia sawasawa, kwa hiyo watoto watatu wamesoma kwa mkono wa mama yao.

Mkono wenyewe una alama tatu za kuungua. "Hii ya mwaka wa kwanza," anaonyesha. "Hii ya mwaka wa pili. Hii ya tatu nilikuwa nacheka na mpishi. Nikaacha kucheka na mpishi."

"Mwongo huyo!" mpishi anapaza sauti kutoka jikoni. "Mpaka leo anacheka!"

Kadi aliletewa na bibi harusi mwenyewe, mwezi mmoja na nusu uliopita. Mama Pasi amemjua akiwa bado wa kubebwa, na tangu alipoanza kutamka maneno amekuwa akimwita shangazi. Aliingia mbio, simu ikiwa sikioni, akaiweka kadi juu ya rundo la foronya.

"Shangazi, usipokuja nakununia maisha. Na uvae sari, nikuone!" Halafu akatoka mbio kama alivyoingia.

Kadi ilikuwa nzito kama kifuniko cha kitabu, na maandishi yake ya rangi ya dhahabu. "Niliipindua mara nne," anasimulia Mama Pasi. "Nilikuwa natafuta palipoandikwa nije kufanya kazi gani. Sikupaona."

Sasa sari ya kuvaa aitoe wapi? Kwa miaka kumi na tisa amezinyoosha, amezikunja na kuzipanga kabatini kwa rangi, lakini hakuna hata moja iliyowahi kumgusa bega. Alikwenda kwenye duka moja kubwa mjini, akaambiwa bei ya ile iliyovishwa sanamu dirishani. Akaipiga hesabu kwa namna yake, kwa mashati. Yalitoka mashati mia nne na ushee.

"Nikamwambia muuzaji ahsante, nikatoka kinyumenyume kama mtu aliyekosea nyumba."

Ndipo bintiye, kitinda mimba wake, aliposema wanunue mtandaoni. Binti ni msusi, na saluni yake ina viti viwili na kioo kimoja. Jumapili moja mchana, mteja akiwa chini ya kikaushio, mama na binti walikaa kwenye benchi wakashika simu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumvuruga.

Binti alibonyeza ili bei nafuu zitangulie. Kilichotangulia ni pini. Kikafuata kifungo cha blauzi, kisha gauni la mtoto wa miezi sita, kisha pini tena. Wakashuka, wakashuka, mpaka dole la binti likachoka. Mara ikatokea seti ya manjano iliyodariziwa vizuri, sketi pana, blauzi na mtandio, bei yake rahisi hata mteja wa chini ya kikaushio akaomba aonyeshwe. Walikuwa wamebakiza kulipa tu walipogundua kwamba bei ile ilikuwa ya mtandio peke yake.

"Na huyo dada kwenye picha, vingine amevaa vya nini?" Mama Pasi aliuliza.

"Vya kutupendezea macho, mama."

Wakapata nyingine. Hiyo ilitaka vipimo tisa, kuanzia bega mpaka kifundo cha mguu. Saluni haina futi ya kupimia, basi binti akampima mama yake kwa uzi wa kusukia nywele, akiukata kila kipimo. Akavipanga vipande sakafuni ili akavipime kwa rula. Mteja mwingine akaingia akavikanyaga, vikachanganyika, ikawa haijulikani kipi kiuno, kipi mkono.

"Tuache za kushonwa," alisema Mama Pasi. "Tutafute sari. Sari ni kitambaa tu, inamkaa mwembamba, inamkaa mnene."

Rangi nazo hazikuwa rahisi. Nyekundu aliikataa, hiyo ni ya bibi harusi. Nyeupe na nyeusi amewahi kumsikia mwenye nyumba, mama wa bibi harusi, akiwasema watu waliozivaa kwenye harusi. Ikabaki kijani. Binti akamsogezea simu.

"Hii je, mama? Wameandika ya hariri."

"Nipe niipapase."

"Mama, hii ni simu."

"Basi ikuze."

Binti akaikuza picha mpaka ikawa vidoadoa. Mama Pasi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavaa miwani ya mteja, akaivua. Mtu anayeweza kukutajia kitambaa akiwa amefumba macho alikuwa sasa anatakiwa akitaje akiwa ameyafumbua tu. Wakasoma maoni ya walionunua. Mmoja alitoa nyota tano akaandika "nzuri". Mwingine alitoa nyota moja, naye akaandika "nzuri".

"Sasa tumfuate yupi?" aliuliza mama.

"Wote wamesema nzuri."

"Mmoja kasema nzuri kwa hasira!"

Waliinunua hivyo hivyo, wakiwa hawana uhakika wa chochote, kwa bei ya mashati sitini na mbili. Ilikuwa ya kijani yenye ukingo wa dhahabu. Ilichukua siku kumi na nane kufika, na kila siku Mama Pasi alimpigia bintiye kuuliza imefika wapi, na kila siku binti alijibu kwamba simu inasema iko njiani.

Kifurushi kilipofika kilikuwa kidogo, sawa na mkate. Mama Pasi aliufumua mfuko, akatia vidole viwili ndani kabla hata ya kutazama.

"Inajidai," alisema. Halafu akaitoa yote, akaitandaza kitandani, na mumewe akainuka kwenye mto kwa shida ili aione vizuri. Rangi ilikuwa ya majani mabichi baada ya mvua. "Ijidai tu," alisema. "Nzuri."

Lakini blauzi haikuwemo. Picha ilionyesha blauzi, maelezo yalitaja blauzi, mfukoni hakuna blauzi. Waliupindua mfuko nje ndani, wakaukung'uta. Binti akamwandikia muuzaji. Jibu likaja kesho yake: blauzi imo. Akaandika tena kwamba haimo. Jibu: imo. Siku nne walibishana na mtu wasiyemjua, yeye akisema imo na wao wakisema haimo, mpaka Mama Pasi akaanza kushuku macho yake mwenyewe.

Aliifungasha sari akaipeleka kwa fundi cherehani jirani na kibanda chake. Fundi aliifungua juu ya mashine, akaivuta mkono kwa mkono hadi mwisho, akafika mahali ambapo maua yanabadilika na kuwa mistari, kama mita moja hivi. Akacheka hadi futi ikamdondoka shingoni.

"Dada, blauzi hii hapa! Inakuja imeungana na sari, wewe unaikata, unashonesha."

Mama Pasi akapigwa na butwaa. "Miaka kumi na tisa nazikunja hizi nguo!"

"Zikikufikia zimeshakatwa. Wewe unazijua zikiwa watu wazima, dada. Utotoni hukuziona."

Fundi akaikata, akashona blauzi kwa siku mbili, na sketi ya ndani akaitoa kwenye kitambaa kilichobaki cha mteja mwingine. Nguo ikakamilika. Ungedhani na mkanganyiko nao umekwisha.

Jumatatu ya wiki hii mama wa bibi harusi alibandika karatasi ukutani, juu ya swichi ya pasi. Wageni kumi na wanne watalala nyumbani, saba juu na saba chini. Kwenye mstari wa Jumamosi ameandika: *nguo za wageni wote zipitiwe pasi asubuhi, Mama Pasi awepo hadi wa mwisho atoke*. Wa mwisho atatoka saa nne. Saa nne hiyo hiyo bibi harusi anaingia ukumbini, upande wa pili wa mji.

Mama Pasi aliisoma karatasi, akatoa kadi kwenye mkoba, akaisoma kadi, akarudi kwenye karatasi.

"Moja inaniita, nyingine inanishika," anasema. "Zote zimetoka nyumba moja."

Mpishi hakumsaidia. Kaka wa bibi harusi alipooa, mpishi naye alipewa kadi. "Nilinunua hadi viatu," anasema, akichambua mchele. "Siku yenyewe nikaambiwa nitazame masufuria kidogo tu. Nimeyatazama mpaka watu wakarudi. Kadi wanatupa kwa mapenzi, mama, sikatai. Lakini hakuna anayekumbuka kwamba tukienda huko, huku patakuwa hapana mtu."

Bintiye anamwambia aulize. "Nitaulizaje?" Mama Pasi anashangaa. "Mtu akupe kadi, umuulize kama ni kweli? Akisema si kweli, mimi nitasimama wapi katika nyumba hii?"

Basi hajauliza. Amekuja na sari yake kwenye mfuko wa nailoni, na saa tisa alasiri, kapu la wengine likiwa limeisha, anaitandaza mezani. Moto mdogo kabisa. Ananyoosha ukingo polepole, shibiri kwa shibiri, akiweka kitambaa cheupe katikati ya pasi na nguo ili isishike mng'aro.

Mlango unasukumwa. Ni mama wa bibi harusi, miwani imepanda kichwani, sari sita zimelala mkononi mwake.

"Mama Pasi, hizi za wageni wa juu. Wamefika mapema, na masanduku yao yamezikunja vibaya." Anatafuta pa kuziweka, anaona meza imejaa. "Na hii ya nani?"

"Ya mgeni," anasema Mama Pasi.

"Mgeni yupi? Wa juu au wa chini?"

Jikoni, mchele umeacha kuchambuliwa.

"Yangu, mama."

"Yako?" Mama wa bibi harusi anashusha miwani. "Umeitoa wapi?"

"Kwenye simu. Binti yangu alibonyeza, ikaja."

Mwenye nyumba anashika ukingo wa kijani, anautazama mshono wa blauzi iliyotundikwa kwenye henga. "Imekupendeza hata hujaivaa," anasema. Kisha macho yake yanapanda hadi kwenye karatasi ya ukutani, yanashuka kwenye sari, yanapanda tena. "Lakini Jumamosi asubuhi si... Ngoja kwanza. Kadi ulipewa?"

"Nilipewa na mtoto."

"Mbona mimi nimekuandika hapa?"

"Ndiyo ninayojiuliza tangu Jumatatu."

"Sasa mimi sielewi, Mama Pasi. Siku hiyo unakuja kazini au unakuja harusini?"

"Na mimi sielewi, mama."

"Si ungeniuliza?"

"Niliogopa jibu."

Mwenye nyumba anaziweka zile sari sita juu ya kapu. Anavuta stuli ya kukalia, hakai, anaishikilia tu. "Basi mimi ndiye nakuuliza. Unatakaje?"

Mama Pasi anaisimamisha pasi, anachomoa waya ukutani, anapangusa viganja kwenye kanga.

"Nguo za wageni nitazimaliza Ijumaa, hata zikiwa mia. Zikijikunja usiku, zijikunje. Mimi, mama, tangu nilipopewa ile kadi nilikuwa nataka kuja ukumbini nimevaa hii, nikae kwenye kiti pamoja na watu, na mtoto akipita anione nimekaa."