Lijamu la Jabali

Siku niliyoanza kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, nilikuwa nimekwenda kuomba kazi ya kukata mkonge. Nilitoka kwetu Umwera, Kitomanga, kwa miguu, kisu kiunoni, nikafika kwenye shamba la Mzungu nje ya mji wa Lindi, nikaingia mlango usio wangu. Kumbe ni banda la farasi. Mle ndani alisimama dume jekundu lenye shingo nene, akanyoosha kichwa kunitisha, meno nje. Sikurudi nyuma. Kusema kweli sikujua kama farasi huuma.

“Hukimbii?” akauliza mzee mwenye kofia ya viua. Huyo ndiye Mzee Mahfudhi wa Kilwa Kivinje, mnyapara wa mabanda, mkubwa wangu wa kwanza.

“Shikamoo mzee. Nitakimbiaje nami nimekuja kutafuta kazi?”

“Marahaba. Basi hicho kisu kakiweke. Huku hatukati mkonge.”

Wajukuu zangu mnanicheka nikisema nilisomea midomo ya farasi. Chekeni. Farasi katika nchi yetu hii hakai, mbung’o humwua upesi. Lakini pale msitu ulikuwa umefyekwa wote, mkonge mpaka macho yachoke, ndiyo maana yule Mzungu, meneja wetu, aliweza kufuga farasi wa kukagulia mashamba. Masaisi wa pwani nzima tulikuwa wachache, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sioni haya kulisema.

Mzee Mahfudhi alinianzisha na lijamu, chuma kile kinachokaa kinywani mwa farasi. Hatamu, zile kamba za ngozi, hufungwa kwenye pete zake, na mpandaji huzishika mkononi. Farasi ana meno mbele na magego nyuma, katikati pana ufizi mtupu, na chuma hukaa hapo. Kikining’inia hugonga meno, kikibanwa juu mno huchana pembe za mdomo. Ukitaka kujua kimekaa sawa, tazama pembe za mdomo: ngozi ijikunje kidogo tu, kama mtu anayetaka kucheka akajizuia. Nilipolishika hilo mzee alisema, “Mmwera wewe una macho.” Nililala na furaha siku ile.

Basi yule dume jekundu jina lake Jabali. Alikuwa na nguvu, na mdomo wake mgumu. Ukivuta hatamu asimame, yeye anakaza shingo, anaulalia mkono wako na kupiga shoti. Na shoti ndani ya mkonge si mchezo, maana ncha ya jani la mkonge ni sindano. Siku moja alimtupa meneja katikati ya mistari, na dresa wa zahanati alishinda akimchomoa miba pajani.

Meneja alikuja bandani akichechemea. “Mtieni lijamu kali,” akasema.

Lijamu kali lina mikono mirefu pembeni na mnyororo chini ya kidevu. Ukivuta kidogo tu, taya lote linabanwa. Mzee Mahfudhi alimuunga mkono: mdomo mgumu, chuma kikali. Tukamtia. Jabali akawa mbaya kuliko jana. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akatimka na meneja hadi kwenye reli ya troli, na ni Mungu tu aliyemwokoa yule mtu.

Aliposhuka, uso ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. “Sitaki tena,” akasema. “Kesho kutwa nammaliza kwa bunduki.”

Niliumia, wala sifichi. Jabali alikuwa ananijua. Nikiingia asubuhi alikuwa ananipulizia pumzi shingoni. Nikapiga moyo konde nikamwambia meneja, “Bwana, nipe nafasi nimchagulie lijamu mimi. Nitampanda mwenyewe mbele yako.”

Alinitazama. “Na ukishindwa?”

“Utampiga risasi, nami nitarudi Kitomanga.”

“Vizuri. Lakini nikuambie kitu kimoja. Farasi anayevuta, wewe usishindane naye kuvuta. Ana uzito kukushinda.” Kisha akanipa ufunguo wa sanduku la zana. Neno lile lilinifaa maisha yangu yote, na namshukuru kwalo.

Nilirudi bandani nikamfungua Jabali kinywa. Ulimi ulikuwa na vidonda vya siku nyingi, ufizi umechubuka. Hapo nikashangaa, kwa sababu lijamu lake la kila siku lilikuwa la kawaida tu, chuma cha vipande viwili vilivyounganishwa katikati. Lilikuwa limetundikwa ukutani, linang’aa. Nikalitia kinywani mwangu.

Lilikuwa chachu, tena linakwaruza.

Hapa lazima mjue desturi yetu. Mzee Mahfudhi alikuwa mtu wa Kivinje, na watu wa mjini hawavumilii chuma kilichofubaa. Kila Alhamisi jioni alituamuru tusugue malijamu kwa ndimu na majivu, kama bibi zenu wanavyosugua masinia ya shaba kabla ya harusi. Shaba huipenda ndimu. Chuma, ndimu hukila, na ile iliyobaki kwenye maungio ilikuwa imekitoboa vishimo vidogo vyenye kingo. Jabali alikuwa anakimbia maumivu, nasi tukimwongezea.

Nilimpelekea mzee lile lijamu. Nitamwambiaje mkubwa wangu? Nikasema tu, “Mzee, hebu onja.”

Akaona nimeingiwa na wazimu. Lakini akaonja. Akapitisha ulimi mara ya pili. Kisha akachukua kikapu cha ndimu, akatoka nacho, akazimwaga zote nyuma ya banda.

“Kaombe siku chache,” akasema. “Kinywa kipone kwanza.”

Meneja alinipa juma moja. Tulimwosha Jabali kinywa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukampa uji wa mtama na majani laini, chuma hakuna. Kwenye sanduku nikachagua lijamu nene la kipande kimoja, laini, lililopinda kidogo kuupa ulimi nafasi. Watu wengi hudhani chuma chembamba ni chepesi kwa mnyama. Sivyo, chembamba hukata. Kinene hutandaza uzito. Lilikuwa limefubaa, halina uzuri wowote, na mzee hakutaka lisuguliwe.

Siku ya siku meneja alisimama barazani, bunduki imeegemezwa ukutani. Nikapanda. Tulipofika kwenye mkonge Jabali akakaza shingo kama kawaida yake, akaanza kushika kasi. Mikono yangu ilitaka kuvuta, nikaikataza. Nikabana kidogo, nikaachia. Nikabana, nikaachia. Akatafuta cha kukilalia, hakukipata. Sikio moja likageuka kunisikiliza, akapunguza, akatembea.

Nilirudi naye hatamu zimelegea. Meneja aliichukua bunduki akaiingiza ndani, akatoka mikono mitupu akampapasa Jabali shingo.

Alimpanda hadi alipohamishwa. Mimi nikachukuliwa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni, kule Kilwa, nikatunza farasi zake mpaka motokaa zilipotuondoa kazini. Jabali alikufa mzee, bandani kwake. Lile lijamu nene alinipa Mzee Mahfudhi mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nina mikorosho yangu, na lijamu linaning’inia sebuleni. Juzi tulipokuwa na posa ya mjukuu, mkwe wangu aliona haya wageni walikute limefubaa. Nilipoingia nikalikuta linameta. Nikalitungua, nikalitia kinywani mbele ya wakwe wote, na watu wakatazamana.

Chachu ileile.

“Mwanangu,” nikamwambia mkwe wangu, “lioshe kwa maji matupu, ulikaushe, ulirudishe mahali pake. Jabali hapendi ndimu.”