Sauti Niliyoiacha Ghubra

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kabla ya kuosha vyoo Muscat nilikuwa nyota wa muziki wa kantri. Ngoja nieleze taratibu. Kule Nakuru tunaupenda muziki huo kana kwamba ulizaliwa kwetu. Nilianza kwenye kwaya ya kanisa, nikahamia hoteli za nyama choma, kofia pana kichwani na buti hadi magotini. Wimbo wangu mmoja ulipigwa redioni mpaka wauza viazi sokoni wakaniita kwa jina la wimbo huo. Kilichowavuta ni mahali pamoja tu: mwisho wa kiitikio sauti ilivunjika makusudi, ikaruka kutoka kifuani hadi juu kabisa, kisha ikashuka bila kukwaruza. Baadaye hoteli zikaona ni nafuu kumweka mtu mmoja na kompyuta yake. Nikaja Ghubra, mtaa wa hapa Muscat, kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi za ndani.

Mama mwenye nyumba, mzee aliyezaliwa Unguja, alipenda niimbe nikipiga pasi.

"Nyimbo gani hizi, mwanangu? Kila mtu kaachwa!"

"Hata farasi ameachwa, Mama."

"Maskini farasi! Hebu rejea pale sauti inaporuka. Nna hamu napo."

Ilipobaki miezi mitatu mkataba uishe, mtangazaji wa nyumbani alinipigia simu. Kulikuwa na tamasha kubwa la kantri linaloandaliwa, na waandalizi walitaka kunisikia kwanza. Ningeimba hewani kwa simu, Ijumaa saa tano ya huku. Wakiridhika, narudi jukwaani.

Sasa, Ijumaa hapa ndiyo siku ya ugeni. Wanaume wakitoka msikitini, watoto na wajukuu wote huja kula, na vyoo lazima viwe vinang'aa. Saa nne na nusu nilikuwa nimebakiza choo cha wageni, chenye madoa ya chumvi ya maji. Nikamimina asidi ya choo. Madoa yakagoma. Nikaongeza klorini juu yake, nikafunga mlango ili harufu isifike kwenye biriani.

Dada unayesoma haya na ndoo iko kando yako, nisikilize. Hizo mbili hazichanganywi hata siku moja. Zikikutana hutoa hewa ya sumu. Tumia moja, suuza vizuri, fungua dirisha. Kutojua si ujinga. Mimi pia hakuna aliyeniambia.

Nilitoka nikitambaa. Mkwe wa Mama, aliyewahi kuja kusaidia mapishi, alitaka kunikimbiza hospitali. Nikamwonyesha simu kwa ishara, angoje kidogo tu. Tukakaa barazani na Mama, yeye akininawisha maji usoni. Saa tano simu ikalia.

"Haloo? Nyota wetu, uko hewani!"

Nikafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa kama kiatu kinachoburutwa mchangani.

"Haloo? Mtandao wa jangwani huo!" mtangazaji akacheka. "Basi, wacha tuwapigie ile rekodi."

Nikajisikiliza kwenye simu. Wimbo ulipofika pale pa kuruka, Mama alinishika mkono.

Daktari alisema koo limeungua, nisubiri. Nilisubiri. Kuongea kulirudi. Kila asubuhi nilifungua bomba la jikoni, maji yakivuma, nikajaribu kile kiitikio. Sauti ilipanda hadi mahali pale pale, ikakatika kama uzi. Nikajaribu wiki baada ya wiki, nikijipa moyo kama ninavyokupa wewe. Haikupita.

Waandalizi walikuwa wema. "Njoo tu," waliniambia. "Tutaweka rekodi, wewe uchezeshe midomo."

Nilifikiria wale wauza viazi wakisimama mbele ya jukwaa, wakipigia makofi mdomo mtupu. Nikakataa. Mwezi uliofuata nikasaini miaka miwili mingine.

Kofia iko juu ya kabati la chumba changu, ndani ya mfuko wa plastiki. Mama hajaniomba tena nirejee pale. Nikiwasha pasi, yeye huwasha televisheni.