Hongo ya Mlenda

Kwanza mnisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu bado nzito kuliko jembe. Herufi nyingine zimelala, nyingine zimepandana. Pale nilipokosea neno, weka wewe unaloona linafaa tuendelee. Kurasa hizi zimenichukua jioni tatu hapa Chang'ombe, Dodoma, lakini kusimulia kwa mdomo siwezi kabisa, naona aibu. Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza Bagamoyo.

Dada yangu ameolewa kijiji kimoja mbele ya Bagamoyo. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kwanza, akampigia mama simu kwamba chakula cha kule hakishuki. Mama akatwanga mlenda mkavu, mboga yetu ya majani inayoteleza, akaujaza kwenye mfuko mpaka juu, akaufunga kwa kamba.

"Dada yako hali," akaniambia. "Anapikiwa wali wa nazi, anapikiwa samaki, vyote anaviangalia tu. Na mtoto anataka maziwa. Huu mlenda ufike, hata kama wewe hutafika."

Nikautia kwenye begi langu la mgongoni. Ni begi la mtumba, refu kupita kichwa, lina mikanda mingi ambayo kazi yake sijaijua hadi leo.

Bagamoyo nilifika saa nne asubuhi. Gari la kwenda kwa dada huondoka mara moja tu kwa siku, saa nane mchana. Likikuacha, unalisubiri kesho. Kwa hiyo nilikuwa na saa nne za kuuona mji wa watu, na bahari, ambayo nilikuwa sijawahi kuiona.

Sikufika mbali. Kijana mmoja anayetembeza watalii aliliona begi akanifuata.

"Jambo, rafiki."

Nikainamisha kichwa. Akadhani sijui Kiswahili, akahamia Kiingereza. Hapo ndipo nilipokwama kabisa. Akajaribu lugha nyingine mbili ambazo hata sikuzitambua. Akanionyesha nyumba za mawe za zamani, milango iliyochongwa, ukuta ulioota mti ndani yake, na mimi naitikia kwa kichwa tu kama mjusi. Alipochoka nikasema, "Asante kaka. Mimi natoka Dodoma."

Akalinyooshea begi kidole.

"Na hilo begi?"

"La mtumba."

Akaondoka bila kuaga.

Nikaona begi hili litanitia matatani zaidi. Karibu na soko la samaki palikuwa na mama mmoja wa makamo anakaanga samaki na mihogo, na wateja wake wamekaa kwenye benchi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri.

"Mbona umebeba nyumba, mwanangu? Liweke hapa, ukatembee. Mna nini humu?"

"Mlenda, mama. Wa dada yangu, amejifungua."

"Kwenu wapi?"

"Dodoma. Karibu na Buigiri."

"Mgogo wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, nenda kaone bahari," akasema, na akalivutia begi nyuma ya kiti chake. Niliona ni ukarimu wa Pwani.

Bahari niliiona. Siwezi kuieleza. Nilionja maji kwa kidole kuhakikisha kama kweli yana chumvi, nikatema.

Nilirudi saa saba na nusu kuchukua begi. Mama yule hakunyanyuka.

"Begi limekamatwa," akasema, huku akigeuza samaki. "Mimi Mnyamwezi. Babu wa babu yangu alikuja hapa kwa miguu na pembe ya ndovu begani. Alipofika kwenu Ugogo, ana kiu, mkamtoza hongo, ushuru wa njia, ndipo anywe maji. Umepita kwangu leo. Lipa."

Wateja wakacheka. Mmoja, fundi ujenzi mwenye saruji mpaka kwenye nyusi, akasema, "Amepatikana."

Nilijua vizuri ni kitu gani hicho. Wanyamwezi ni watani wetu. Babu yangu alipofariki, mtani mmoja alishuka akalala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na bibi, katikati ya kilio, akacheka. Mtani hakasirikiwi wala habembelezwi. Ukikasirika umekwisha, na ukibembeleza unaongezewa. Nilijua yote hayo, lakini mdomo wangu haukujua.

"Samahani, mama," nikasema.

"Kibakuli kimoja cha mlenda."

"Tafadhali, mama, gari litaniacha."

"Kibakuli kimoja na wimbo wa Kigogo."

"Nakuomba, mama yangu."

"Kibakuli, wimbo, na unichotee maji madumu mawili. Endelea kuomba, mwanangu. Nina kazi nyingi nyumbani."

Fundi akasema, "Dogo, nyamaza, utajikuta unajenga choo."

Ng'ambo ya barabara niliona utingo anafunga mizigo juu ya gari la kwenda kwa dada. Nikamwona dada kitandani anaangalia wali. Macho yakaanza kuniuma, na mtu akianza kulia mbele ya mtani, ni afadhali asingezaliwa.

Hapo wakaja mafundi wengine wanne kula. Pembeni, juu ya kigoda, palikuwa na ndoo yenye koki na sabuni. Ndiyo waliyokuwa wakinawia wote. Wa kwanza akanyoosha mkono.

Sijui nani alinituma. Niliinyanyua ile ndoo, nikakaa kwenye kigoda, nikaipakata.

"Haya maji yana mwenyewe," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini walisikia. Mama akaacha kugeuza samaki.

"Unasemaje?"

"Mimi Mgogo. Palipo na maji napajua. Anayetaka kunawa alipe hongo, na hongo ni begi langu."

Fundi wa saruji alipiga paja. Wale wanne wakasimama na mikono yao michafu, wakamgeukia mama.

"Mama, tuna njaa. Malizaneni."

"Huyo mtoto mwizi wa maji," mama akasema. "Wote ndivyo walivyo. Nchi imekauka, mbuzi wao wanapiga chafya vumbi, halafu wanauza maji."

Nikajikuta najibu, na sikuwa nimepanga kujibu.

"Na nyinyi babu zenu walibeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka hapa, na hamjaacha. Mpaka leo mkiona begi la mtu, mikono inawawasha."

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Gari likapiga honi.

"Mpeni mzigo wake," akasema. "Huyu kweli mtani. Nilidhani wamenitumia mgonjwa."

Nikaweka ndoo, nikavaa begi, nikakimbia. Nilipanda gari likiwa limeshaanza kutembea.

Kwa dada nilifungua begi mbele yake. Juu kabisa palikuwa na samaki mkubwa wa kukaanga, amefungwa kwenye gazeti. Chini yake mfuko wa mlenda, kamba imefungwa kwa fundo ambalo si la mama yangu, na mlenda umepungua kibakuli kimoja. Yule mama wa samaki alikuwa ameshajitoza hongo yake wakati mimi nipo baharini naonja chumvi. Kesi yote ile ilikuwa ya kunichezesha.

Dada alikula ugali na mlenda sahani mbili, akalamba vidole, akaomba ya tatu. Yule samaki alimwangalia tu, nikamla mimi.

Sasa wewe unayesoma, nisaidie. Kama ni Mnyamwezi, au kama mtani aliwahi kukufanyia hivi, niandikie uniambie: kibakuli kilichochotwa mwenyewe hayupo kinalipizwa kwa kitu gani? Andika herufi kubwa kubwa, nasoma taratibu kama ninavyoandika. Ila usikawie sana, kwa sababu mama ameshaanika mlenda mwingine, na safari hii mfuko nataka nifunge mimi.